Utafiti wa mwaka wa mwisho, ukiutazama kutoka kwenye meza ya steshenari

Steshenari yangu iko Iyunga, hapa Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Nachapa, natoa kopi, nabana spairo, naweka kava gumu. Ukifika msimu wa kukusanya ripoti za mwaka wa mwisho, chai ya saa nne naimaliza saa tisa, imepoa na imeingia vumbi la karatasi. Wanafunzi wameniita Mama Spairo mpaka mtoto wangu wa pili naye akaanza kuniita hivyo.

Mhadhiri wa ujenzi anasoma za ujenzi, wa kilimo anasoma za kilimo. Kwangu zinapita zote. Asubuhi mbolea ya viazi Uyole, mchana mikopo ya akina mama wa Mwanjelwa, jioni antena. Na Jumatatu moja mwaka jana waliingia wawili kwa mpigo: binti wa maendeleo ya jamii, na kijana wa uhandisi wa mawasiliano. Binti ameandika "Mchango wa Kujitolea katika Maendeleo ya Jamii Nchini Tanzania." Kijana ameandika "Kuboresha Mawasiliano Yasiyotumia Waya kwa Njia ya Misimbo."

"Mama, nikichapa hii leo msimamizi ataipokea?" binti akaniuliza.

"Mwanangu, hiki ni kichwa cha wizara. Wewe una miezi mitatu na hela ya nauli."

Nilithubutu kusema hivyo kwa sababu hayo mawili nimeyafanya yote kwa mikono yangu. Kabla ya kwenda chuo nilikuwa mkusanya takwimu kwenye vijiji vya juu ya Kiwira, Rungwe, utafiti wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Baadaye nikasoma stashahada ya mawasiliano, na mradi wangu ulikuwa wa misimbo ya kusahihisha makosa, yaani kuongeza biti za ukaguzi (biti ni zile 0 na 1 za kompyuta) kwenye ujumbe ili kosa la njiani lionekane na kurekebishwa. Kazi ya fani sikuipata, ndiyo maana nipo hapa. Niliyowaeleza wale wawili ndiyo haya ninayoyaandika, maana kila mwaka nayarudia mpaka sauti inakauka.

Kata kichwa mpaka kienee nyuma ya risiti

Nina vitabu vya risiti vilivyoharibika chapa. Nampa mwanafunzi karatasi moja na kumwambia aandike swali lake nyuma. Siyo kichwa, swali, lenye alama ya kuuliza mwishoni. Likizidi mistari miwili tunakata. Wapi? Nani? Lini? Na la mwisho ndilo linalowatoa jasho: utajuaje kwamba umepata jibu?

Binti alikata mara nne. Alipofika mwisho karatasi yake ilisema: katika kijiji hiki kimoja, kaya zipi hufika kwenye msaragambo wa mtaro wa maji, na ndani ya kaya ni nani hasa anayebeba jembe? Kijana naye: msimbo wa Hamming wa biti 7 unapunguza makosa kwa kiasi gani ukilinganisha na kutuma bila msimbo, katika kelele ya kawaida, nguvu ya ujumbe ikiwa juu ya kelele kwa desibeli 0 hadi 10? Hayo sasa ni maswali ambayo mtu mmoja anaweza kuyamaliza kabla ada haijadaiwa tena.

Ukishapata swali, chora jedwali tupu. Safu zake, mistari yake, vichwa vyake, bila tarakimu hata moja ndani. Hilo ndilo utakalokuja kulijaza. Ukishindwa kulichora, hujajua unachotafuta, na usipande gari. Nimewaona watu wanarudi na madodoso 150 kwenye mfuko wa salfeti, wananiuliza mimi, mtoa kopi, "Sasa haya nayaweka wapi?"

Neno kubwa la kichwa chako nalo lipe maana kabla hujaondoka. Nikirudi kwenye msaragambo: kule nilikofanya kazi, asiyefika kuchimba alitozwa faini, na asiyelipa faini aliweza kukutwa kuku wake ameshikiliwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Je, huko ni kujitolea? Wazee walisema ndiyo, ni kujitolea, maji ni yetu. Vijana walicheka. Usipoamua wewe mapema unahesabu nini, utawaweka kapu moja aliyekwenda kwa moyo wake na aliyekwenda kumkomboa jogoo.

Karatasi za ruhusa

Hapa sikawii. Barua ya utambulisho inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kisha kata, kisha kijiji. Kila ngazi inataka nakala na inagonga muhuri, kwa hiyo toa kopi tano, siyo mbili. Ofisi moja iliwahi kunipotezea barua kwa siku tisa, ikapatikana chini ya sahani ya chai. Tangu siku hiyo sitoki na karatasi yoyote bila kopi yake mfukoni. Ukigusa afya za watu unahitaji kibali cha maadili, na huko ndiko linapoingia jina la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Anza mapema. Kijana wa mawasiliano asijione amepona: kompyuta peke yake haiombi ruhusa, lakini ukitaka kurusha mawimbi kwa masafa uliyojichagulia, masafa yana mwenyewe, naye ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Angalia na kalenda ya mahali. Aprili, juu ya Kiwira, mvua inanyesha mpaka bodaboda anaikataa hela yako. Msimu wa kupanda hukuti mtu nyumbani kabla ya jua kuinama. Na kukiwa na msiba, kijiji kizima kipo msibani. Nenda ukakae nao, dodoso liache begini.

Idadi ya watu, na fomula ambayo kila mtu anaikopi

Kati ya ripoti kumi za jamii ninazobana, karibu zote zina fomula ya Yamane, ya kukokotoa ni wangapi wa kuhojiwa: chukua idadi ya wote, igawanye kwa moja jumlisha idadi hiyo ikizidishwa na kipeo cha pili cha kosa unaloruhusu. Wanaikopi kama dua. Ifanyie kazi uone. Kijiji kina kaya 400. Ukiruhusu kosa la asilimia 5, utahitaji kaya 200. Ukiruhusu asilimia 10, utahitaji 80. Mahojiano mamoja ya kweli, na salamu zake na kusubiri bibi aingize ng'ombe, ni dakika 40 au zaidi, kwa siku unamaliza sita ukijitahidi. Mia mbili ni siku thelathini na tatu, themanini ni wiki mbili. Binti alichukua 80 na akaandika wazi kwamba kosa lake ni asilimia 10. Hilo ni bora kuliko kuandika 200 na zile 120 zilizobaki ukazijaza mwenyewe gesti, jambo ambalo linafanyika, na kwenye meza yangu linaonekana: wino mmoja, mwandiko mmoja, na majibu yanayofuatana kama shanga.

Uliza jambo moja kwa njia tatu

Hapa kaa nami kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya takwimu nilifika kwa bibi mmoja akipukuchua mahindi kibarazani. Ugonile, shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda na gunzi langu. Dodoso lilikuwa na swali la tatu: mwezi uliopita mmekwenda msaragambo mara ngapi? Akasema nne. Tukaendelea, mifugo, watoto, paa la nyumba. Swali la kumi na tisa likauliza: mara ya mwisho mlipokwenda, mlifanya kazi gani, na ilikuwa siku gani?

Bibi akaacha kupukuchua. "Mjukuu, hilo si umeshaniuliza?"

Nikaona aibu, lakini ndivyo dodoso lilivyotengenezwa. Swali la kumi na tisa lilikuwa pale kulikagua la tatu. Anayesema nne halafu hakumbuki hata siku moja wala kazi moja, ile nne ni ya heshima tu, ya kumridhisha mgeni. Huyu bibi alikumbuka zote: mawe, mawe, kuchimba, kupika uji wa wachimbaji.

Basi jioni nikaenda kwa katibu wa kitongoji kutazama daftari la mahudhurio. Kaya ya bibi: mara moja tu. Sasa nina mbili zinazogombana, bibi anasema nne, daftari linasema moja. Nani mwongo? Ukiwa na mashahidi wawili utajua tu kwamba kuna kosa mahali, hutajua liko wapi. Ikabidi nitafute wa tatu, jirani anayechota kisima kimoja naye. Jirani akasema bibi hajakosa hata siku moja. Tulipolifungua daftari pamoja na katibu, mambo yakajieleza: jina lililoandikwa ni la mkuu wa kaya, mtoto wa bibi, ambaye yuko Tunduma kwenye maroli. Aliporudi likizo ndiyo siku pekee aliyowekewa vema. Bibi aliyebeba mawe hakuwa na mstari.

Hiyo ndiyo sehemu iliyokuja kuwa moyo wa utafiti ule, na ilipatikana kwa kuuliza mara tatu. Kwa hiyo katika dodoso lako, lile jibu ambalo hitimisho lote litalikalia, lipe wakaguzi wawili. Siyo maswali yote, utamchosha mtu mpaka akufukuze. Lile moja tu.

Vifuniko saba vya soda

Miaka miwili baadaye niko darasani, mwalimu anaandika ubaoni biti za ukaguzi, nami namwona yule bibi na gunzi lake. Ni jambo lile lile! Claude Shannon, mwanahisabati wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, alionyesha mwaka 1948 kwamba hata njia yenye kelele inaweza kupitisha ujumbe bila makosa yanayohesabika, mradi usizidishe kasi inayobebwa na njia hiyo. Hakusema ufanyeje. Richard Hamming, mwenzake wa pale pale Bell Labs, alikuwa amechoka na mashine iliyokuwa inagundua kosa mwishoni mwa wiki na kuiacha kazi yake njiani. Kama inajua kuna kosa, akajiuliza, kwa nini isijue liko wapi? Msimbo wake ulichapishwa mwaka 1950.

Kijana nilimwonyesha kwa vifuniko vya soda juu ya kaunta. Panga saba, vipe namba 1 hadi 7 kutoka kushoto. Kilichofunuka ni 1, kilichofunikwa ni 0. Ujumbe wako una biti nne, tuseme 1011, unaziweka nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za wakaguzi. Mkaguzi wa 1 anatazama nafasi 1, 3, 5, 7. Wa 2 anatazama 2, 3, 6, 7. Wa 4 anatazama 4, 5, 6, 7. Kila mmoja anahakikisha kundi lake lina idadi shufwa ya vilivyofunuka.

Kundi la kwanza lina 1, 0, 1, jumla mbili, mkaguzi anabaki 0. La pili lina 1, 1, 1, jumla tatu, mkaguzi anakuwa 1. La tatu lina 0, 1, 1, mkaguzi 0. Mezani panasomeka 0110011.

Nikamwambia ageuke, nikapindua cha tano. Sasa ni 0110111. Akahesabu: kundi la 1 lina vitatu, witiri, linalalamika. Kundi la 2 lina vinne, limetulia. Kundi la 4 lina vitatu, linalalamika. Jumlisha namba za wanaolalamika: 1 na 4. Tano! Aliruka kidogo, mteja wa passport saizi akadhani amepigwa shoti.

Halafu nikapindua viwili, cha tano na cha sita. 0110101. Wakaguzi wa 1 na 2 wakalalamika, wa 4 akanyamaza. Jumla tatu. Msimbo ukaenda kukigeuza cha tatu, ambacho hakikuwa na kosa lolote, kwa kujiamini kabisa. Hili liandike kwenye ripoti yako, maana wengi wanaandika kwamba Hamming "huondoa makosa". Unaondoa kosa moja katika kila biti saba. Yakiwa mawili unaongeza la tatu.

Na makosa ya hewani yana tabia ya kuja kwa mkumbo. Roli limepita katikati, au umeingia nyuma ya kilima na mnara wa mlima Loleza hauonani nawe, biti kumi zinaondoka pamoja. Dawa yake ni kuzichanganya kabla ya kutuma: andika kwa mistari, tuma kwa safu, ukipokea rudisha. Mkumbo unasambaa, kila msimbo unabaki na kosa lake moja la kulimudu. Binti aliyekuwa anasikiliza kwa sikio moja akauliza kama ndiyo sababu ya mimi kumkataza kuhoji kitongoji kimoja kizima siku moja. Ndiyo. Saa nne nyumba ya kwanza ikishahojiwa, saa sita nyumba ya kumi ina majibu tayari. Zungusha vitongoji.

Jambo dogo: usiandike kwamba ukungu wa Mbeya unaharibu Wi-Fi. Kila mwaka napokea moja ya namna hiyo. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 ukungu haufanyi kitu cha kuhesabika. Migomba yenye majani mabichi kati yako na antena, hiyo ndiyo shida yako.

Simulesheni, na kosa langu

Kijana atajaribu msimbo wake kwa kuyaigiza mawasiliano ndani ya kompyuta. Octave, programu ya hesabu, ni ya bure na inaendeshwa na kompyuta mpakato chovu. Tengeneza biti za kubahatisha, tia msimbo, ongeza kelele, pokea, hesabu makosa, chora grafu. Lakini usihesabu makosa matatu ukaita ni matokeo. Kwa kila nukta ya grafu subiri angalau makosa 100. Kama kosa linatokea mara moja katika biti 10,000, hiyo ni biti milioni moja. Iache kompyuta ifanye kazi usiku, na kila nukta ikimalizika ihifadhi, maana umeme wa huku unaujua.

Kabla ya kutia msimbo wowote, endesha ile isiyo na msimbo. Kwa BPSK, ile njia rahisi ya kutuma biti moja moja kwa kugeuza wimbi, katika kelele ya kawaida, kosa moja katika biti 100,000 linapaswa kutokea karibu na desibeli 9.6. Hilo ni jiwe lako la mizani. Lisipokaa hapo, programu yako ina hitilafu, na usiendelee mbele.

Mimi nilipima jiwe hilo, likakaa sawa, nikafurahi, halafu nikaanguka hatua iliyofuata. Grafu yangu ya Hamming ilikuwa nzuri mno, karibu desibeli tatu za faida. Nikaibana spairo, nikaipeleka. Mtahini akaitazama kwa muda na kuuliza swali moja tu: "Zile biti tatu za ukaguzi, umeme wake umelipwa na nani?" Nilikuwa natuma biti saba, nne tu zikiwa za ujumbe, lakini kila biti naipa nguvu kamili kana kwamba tatu za ziada ni za msaada. Nguvu ya biti nne za ujumbe lazima igawiwe kwa zote saba, na hiyo ni tofauti ya desibeli 2.4. Nilipoiondoa, faida ikabaki ndogo, chini ya desibeli moja, na kwenye mawimbi dhaifu kabisa msimbo ukawa unafanya vibaya kuliko kutokuwa nao. Nililia chooni. Ila ile grafu ya pili ndiyo ya kweli, na nilipoieleza nilipita.

Binti alikuwa na deni la namna hiyo hiyo: alihesabu siku za watu za msaragambo bila kuhesabu uji uliopikwa wala waliokaa nyumbani kulea watoto wa wachimbaji. Nao wamelipa.

Marejeo na kuchapa

Wasimamizi wengine wanakataza marejeo yaliyozidi miaka kumi. Mheshimu msimamizi wako, ila muulize kwa adabu. Misimbo inayobeba data kwenye 5G inaitwa LDPC, na Robert Gallager aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikaa kabatini karibu miaka thelathini kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuiweza. Ile ya polar, inayotumika kwenye njia za udhibiti za 5G hiyo hiyo, ni ya Erdal Arıkan, 2009. Ya zamani na ya jana zinakaa kwenye simu moja.

Ukija kuchapa, lete PDF. Ukileta faili la kuandikia, majedwali yatahama kwenye kompyuta yangu na tutagombana. Kava gumu usiliweke kabla msimamizi hajasaini, halibanduliki. Rangi ya kava ulizia idara yako, usiniulize mimi, nimeshawahi kukosea nikarudia nakala sita kwa hela yangu.

Na ukimaliza, chomoa flashi yako uondoke nayo. Ninazo kumi na saba kwenye kopo la maziwa, na mojawapo ina jina la folda "UTAFITI MWISHO MWISHO KABISA 4".